Ombi la Uzamivu katika Sayansi ya Taarifa na Teknolojia za Ujifunzaji: Njia ya Mwombaji wa Karagwe na Kyerwa

Shahada ya uzamivu ndiyo ya juu kabisa katika ngazi za chuo kikuu, na hutolewa kwa mtu aliyefanya utafiti uliozaa maarifa mapya, akauandikia tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Katika sayansi ya taarifa na teknolojia za ujifunzaji, utafiti huo hushika mambo mawili yanayokaribiana. La kwanza ni namna watu na taasisi wanavyokusanya, kuhifadhi, kutafuta na kutumia taarifa. La pili ni namna vyombo vya TEHAMA vinavyomsaidia au kumkwamisha mtu anayejifunza, awe mwanafunzi darasani, mwalimu kazini au mkulima shambani.

Maombi ya uzamivu hayafanani na yale ya shahada ya kwanza. Kijana anayetoka kidato cha sita huchaguliwa kwa alama zake. Mwombaji wa uzamivu hufikishwa mlangoni na vyeti, lakini kinachomwingiza ndani ni swali la utafiti lililoiva, msimamizi aliye tayari kulilea, na fedha za kulifikisha mwisho. Kwa jambo la kwanza kati ya hayo matatu, mtu anayeishi au kufanya kazi Nyakahanga, Kayanga, Bugene au Nkwenda, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ana utajiri ambao wengi wa mijini hawana: anakaa katikati ya maswali ambayo fani hii inayatafuta. Kazi yake ni kuyaona na kuyaandika kwa lugha ya kitaaluma.

Mizizi ya fani katika Afrika Mashariki

Upande wa taarifa ulianza na ukutubi. Mwaka 1963 ilianzishwa Makerere, Uganda, shule ya ukutubi iliyokusudiwa kuhudumia Afrika Mashariki yote, na mwaka huohuo Tanganyika ikatunga sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Baadaye kikaja chuo cha Bagamoyo kinachofundisha ukutubi na utunzaji wa nyaraka kwa ngazi ya cheti na stashahada. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa Kenya mwaka 1984, kilijenga kitivo kizima cha sayansi za taarifa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha shahada ya uzamili ya taaluma za taarifa katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina Maktaba ya Taifa ya Kilimo, ambayo wakutubi wake wameandika sana kuhusu jinsi taarifa zinavyomfikia mkulima.

Upande wa ujifunzaji una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadili. Hiyo ilikuwa teknolojia ya ujifunzaji kwa maana kamili: chombo, maudhui, kikundi na kiongozi wa mjadala vilipangwa pamoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliendeleza elimu ya masafa na kina kituo cha mkoa wa Kagera mjini Bukoba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki ya sayansi za kompyuta na elimu ya mtandao. Mjini Iringa, chuo cha Tumaini kilishirikiana na watafiti wa Joensuu, Finland, kujenga shahada ya TEHAMA inayolingana na mazingira ya Tanzania.

Yako mataifa ambako pande hizi mbili ziliwekwa chini ya paa moja, kama katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, ambako sayansi ya taarifa na teknolojia za ujifunzaji zimeunda skuli moja. Afrika Mashariki kwa kawaida zimetengana: taarifa iko kwenye vitivo vya sayansi za jamii au kompyuta, ujifunzaji uko kwenye vitivo vya elimu. Kwa hiyo mwombaji wa hapa lazima kwanza aamue swali lake linaegemea wapi. Anayechunguza kumbukumbu za hospitali akawasilisha ombi lake kwenye kitivo cha elimu atakataliwa bila kosa la kitaaluma, kwa sababu hapatakuwa na mtu wa kumsimamia.

Mifumo miwili ya mafunzo

Mfumo wa kwanza ni wa tasnifu pekee. Ndio uliozoeleka Tanzania, Uganda, Kenya, Afrika Kusini na Uingereza. Mwanafunzi huingia akiwa na andiko la utafiti, hufanya kazi chini ya msimamizi mmoja au wawili, na muda wa kawaida kwa anayesoma muda wote ni miaka 3 hadi 4. Baadhi ya vyuo hivi hutoa pia uzamivu wenye kozi za darasani kabla ya tasnifu.

Mfumo wa pili ni wa Marekani. Mwanafunzi husoma kozi kwa takriban miaka 2, hufanya mtihani mkubwa wa kupima umahiri wake katika fani, kisha ndipo andiko la utafiti linapopitishwa na kazi ya tasnifu kuanza. Safari nzima huchukua miaka 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Tofauti hii hubadilisha ombi lenyewe. Katika mfumo wa tasnifu, andiko la utafiti ndilo roho ya ombi: likiwa dhaifu, hakuna kingine kitakachoziba pengo. Katika mfumo wa Marekani, mwombaji hutakiwa kuandika maelezo ya dhamira, yaani kueleza anataka kuchunguza nini, ametayarishwa na kazi gani, na kwa nini chuo hicho na wahadhiri hao. Kosa la mara kwa mara ni kupeleka andiko moja pande zote mbili bila kulibadilisha.

Sifa za kuanzia

Sharti la msingi ni shahada ya uzamili kutoka chuo kinachotambuliwa, katika fani husika au inayokaribiana. Fani hii ni pana, hivyo mlango hauko wazi kwa wakutubi peke yao. Huingia pia walimu wenye uzamili wa elimu, wataalamu wa kompyuta, watunza kumbukumbu, watu wa mawasiliano kwa umma, maafisa ugani na wataalamu wa takwimu za afya. Uzamili uliokuwa na tasnifu una uzito kuliko ule wa kozi pekee, kwa sababu unaonyesha kwamba mwombaji amewahi kubeba utafiti mwanzo hadi mwisho. Aliyesoma uzamili wa kozi tupu afidie kwa makala iliyochapishwa au ripoti ya utafiti aliyoshiriki kuiandika.

Lipo jambo linalopaswa kujulikana mapema na wanaolenga kufundisha. Muundo wa utumishi wa wanataaluma katika vyuo vikuu vya umma nchini hutaka mhadhiri msaidizi awe na wastani usiopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Uzamivu haufuti alama za nyuma. Mtu mwenye wastani wa 3.2 kwenye shahada ya kwanza anaweza kudahiliwa na kuhitimu vizuri, kisha akakuta mlango wa ajira ya uhadhiri katika chuo cha umma haumfungukii. Kwake uzamivu una maana kubwa zaidi katika utafiti, katika mifumo ya taarifa za afya na elimu, katika mashirika, au katika vyuo binafsi. Ni vema mtu aanze safari akiujua ukweli huo.

Swali la utafiti na mahali linapopatikana

Maswali mazuri ya uzamivu huzaliwa mahali ambapo jambo linatendeka kwa namna ambayo maandiko yaliyopo hayajaweza kuieleza. Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, zina mahali pa namna hiyo pasipopungua patatu.

Mahali pa kwanza ni huduma za afya. Nyakahanga kuna hospitali ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ambayo kwa muda mrefu ilitumika kama hospitali teule ya wilaya, na kuzunguka wilaya ziko zahanati na vituo vya afya. Vyote hutumia vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioanza nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati hufungua kitabu kikubwa, hupitisha kidole mstari kwa mstari, huhesabu wagonjwa kwa umri na jinsia, na kuandika jumla kwenye fomu. Namba hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta uliotokana na mtandao wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo wakishirikiana na vyuo vya nchi nyingi, Dar es Salaam kikiwamo. Namba hupanda hadi wizarani. Swali linalostahili uzamivu ni hili: muuguzi aliyezihesabu anazitumia kwa uamuzi gani katika zahanati yake, na nini kinamzuia?

Mahali pa pili ni shule. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu nchini kote. Wakati huohuo Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania zimeanzisha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo sehemu yake hufanyika shuleni katika jumuiya za ujifunzaji na sehemu nyingine kwa mfumo wa mtandao. Shule yenye walimu saba, umeme wa mashaka na mtandao unaopatikana mpaka mtu apande kilimani, inatumiaje chombo hicho? Walimu wanajifunza nini kwa pamoja, na nani miongoni mwao anakuwa mwalimu wa wenzake? Jibu lake lina faida hadi Kigoma, Burundi na kaskazini mwa Msumbiji.

Mahali pa tatu ni migomba. Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Tanzania mwaka 2006, mkoani Kagera, na kuudhibiti kunategemea taarifa zaidi kuliko dawa: kukata ua dume kwa mti wenye panda, kutakasa panga kwa moto au dawa ya kuua vijidudu, kung'oa mashina yaliyougua, kutohamisha miche ovyo. Maelekezo hayo hupita kwa afisa ugani, kwa redio za jamii kama FADECO ya Karagwe, kwa vikundi vya kahawa, kwa simu na kwa majirani. Masharti ya leseni za utangazaji nchini hutaka Kiswahili au Kiingereza, ilhali wazee wengi huyataja magonjwa na aina za migomba kwa Kinyambo, na vijitabu vya watafiti asili yake ni Kiingereza. Taarifa moja husafiri katika lugha tatu kabla ya kufika kwenye panga la mkulima. Kinachopotea njiani na kinachoongezeka ni suala la kitaaluma la hali ya juu.

Kutoka mada kufika swali kuna hatua. "Matumizi ya TEHAMA katika kilimo mkoani Kagera" ni mada, tena pana mno, ambayo tasnifu nyingi za uzamili zimeshaigusa. "Changamoto za matumizi ya redio kwa wakulima wa Karagwe" imepungua upana lakini jibu lake linajulikana kabla ya utafiti: umeme, betri, muda, kipato. Ikifika kwenye "Wakulima wa migomba wa Karagwe na Kyerwa huamuaje taarifa ipi waiamini kuhusu mnyauko, pale redio, afisa ugani na jirani wanapotofautiana?" hapo swali limepatikana. Linaweza kujibiwa kwa mahojiano, kwa kuhudhuria mikutano na kwa kusikiliza vipindi. Jibu lake halijulikani mapema. Na litawahusu watafiti wa imani katika taarifa popote duniani, maana tatizo la watu kuchagua nani wa kumwamini liko kila mahali.

Swali huhitaji pia nadharia ya kulishikilia. Wanafunzi wengi hukimbilia modeli ya ukubali wa teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989, au usambaaji wa uvumbuzi wa Everett Rogers wa mwaka 1962, kwa sababu wamezikuta kwenye kila tasnifu ya maktabani. Nadharia hizo zina kazi yake, lakini zimetumika hadi watahini wamezichoka, na zote mbili huelekea kuuliza kwa nini mtu hajakipokea chombo, badala ya kuuliza anakitumiaje kwa namna yake. Kwa tabia ya kutafuta taarifa, kazi za T. D. Wilson tangu mwaka 1981 ni msingi mzuri. Kwa walimu na teknolojia, kielelezo cha Mishra na Koehler cha mwaka 2006, kinachounganisha maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia, kimezua mjadala ambao mtafiti wa shule za vijijini ana mengi ya kuuongezea.

Andiko la utafiti

Vyuo vingi huomba kwanza andiko dhana la kurasa 3 hadi 5, na andiko kamili hufuata. Sehemu zake zinafahamika: usuli, tatizo, malengo na maswali, mapitio ya maandiko, nadharia, mbinu, maadili, ratiba na bajeti. Zenye kuamua ni tatu.

Ya kwanza ni tamko la tatizo. Hapa ndipo mwombaji anaonyesha pengo la maarifa, yaani kile ambacho wengine wamekiandika na kile walichokiacha. Umaskini wa kijiji au ukosefu wa mtandao ni tatizo la maisha. Bado halijawa tatizo la utafiti mpaka ionekane ni maarifa gani yanakosekana kulihusu.

Ya pili ni mapitio ya maandiko. Kwa mtu aliye mbali na maktaba kubwa, ugumu umepungua kuliko watu wanavyoamini. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata majarida mengi ya kimataifa bure kupitia mpango wa Research4Life. Maktaba za vyuo vikuu nchini zina umoja wao, COTUL, unaochangia gharama za majarida ya kielektroniki. African Journals Online huhifadhi majarida ya bara, likiwamo lile la Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hazina za tasnifu za vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Sokoine, Makerere na KwaZulu-Natal ziko wazi mtandaoni. Mwombaji asome tasnifu kamili 3 au 4 za fani yake, kwa sababu humo ataona umbo la kazi anayotaka kuifanya. Programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, humsaidia kupanga alichosoma hata kompyuta ikiwa haina mtandao.

Ya tatu ni mbinu. Kueleza kwamba utafiti utatumia hojaji na mahojiano hakutoshi. Wasomaji wa andiko wanataka kujua ni zahanati zipi, zimechaguliwa kwa kigezo gani, watahojiwa akina nani, kwa lugha gani, na data itachambuliwaje. Anayejua kwamba mkulima wa Kyerwa hueleza mambo mazito kwa Kinyambo, na akapanga namna ya kunukuu na kufasiri mazungumzo hayo, huonyesha umahiri ambao andiko lililonakiliwa kutoka kwa wengine haliwezi kuufikia. Vyuo hukagua maandiko kwa programu za kubaini wizi wa kitaaluma. Kununua andiko, au kuiachia programu ya akili unde iliandike lote, humfikisha mwombaji kwenye usaili akiwa hana cha kutetea.

Msimamizi

Msimamizi ndiye mtu atakayeamua kwa sehemu kubwa kama uzamivu utakwisha na utakwishaje. Katika vyuo vingi vya Afrika Kusini, Uingereza na Ulaya, ombi haliendi popote mpaka mhadhiri akubali kulisimamia. Hata pale ambapo chuo ndicho kinachompangia mwanafunzi msimamizi, aliyekwisha kuzungumza na mmoja wao huwa mbele ya wengine.

Anatafutwa kupitia maandishi yake. Majina yanayojirudia kwenye orodha za marejeo ya mada husika ndiyo ya kuanzia, kisha huangaliwa kama mwenye jina bado yuko chuoni, anakaribia kustaafu au la, na wanafunzi wake wamewahi kuhitimu kwa wakati. Barua ya kwanza kwake iwe fupi, isizidi nusu ukurasa. Inayoanza kwa kusema "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii na ndoto ya kusoma katika chuo chako bora" haitajibiwa, kwa sababu inaweza kutumwa kwa yeyote. Inayoanza kwa kusema "Profesa, katika makala yako umeonyesha kuwa takwimu za afya hazitumiki katika ngazi ya zahanati, nimefanya kazi na takwimu hizo wilayani Karagwe kwa miaka kadhaa, na ninaona sababu moja ambayo makala haikuigusa" itasomwa hadi mwisho. Ikiambatana na andiko dhana na wasifu wa kitaaluma, imekamilika. Kimya cha wiki 3 si kukataliwa. Ukumbusho mmoja wenye adabu unatosha, kisha mwombaji asogee kwa mwingine.

Wadhamini, lugha na nyaraka

Maombi mengi hutaka barua za mapendekezo 2 au 3. Wadhamini wanaofaa ni wale waliomwona mwombaji akifanya kazi ya kiakili: aliyesimamia tasnifu ya uzamili, mhadhiri aliyemfundisha mbinu za utafiti, mganga mfawidhi au mkuu wa shule aliyemwona akijenga mfumo wa kumbukumbu na ukafanya kazi. Barua ya kiongozi mkubwa asiyemjua mwombaji ni karatasi tupu. Mdhamini apelekewe mapema andiko dhana, wasifu na tarehe ya mwisho, ili aandike jambo mahususi.

Kwa vyuo vya Ulaya na Marekani, mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL huhitajika mara nyingi, ingawa baadhi hukubali barua ya chuo inayothibitisha kuwa shahada zilizotangulia zilifundishwa kwa Kiingereza. Kuuliza ofisi ya udahili kuhusu barua hiyo kunaweza kuokoa gharama ya mtihani na ya safari. Vyeti na transkripti viombwe chuoni miezi kadhaa kabla. Jina likiandikwa kwa namna mbili tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne na cha shahada, hati ya kiapo iandaliwe mapema. Aliyesoma shahada nje ya nchi anahitaji utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume hiyo ndiyo pia ya kuulizwa kama chuo cha ng'ambo kinatambulika, kabla ya kulipa ada kwa chuo kinachoahidi uzamivu wa mwaka mmoja.

Mahali na fedha

Jiografia ya Karagwe na Kyerwa ni faida isiyotumika vya kutosha. Kwa barabara, Kampala kupitia Mutukula iko karibu mara kadhaa kuliko Dar es Salaam. Makerere, yenye shule kongwe ya ukutubi katika kanda na idara za kompyuta zenye watafiti wengi, inafikika kwa siku moja. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala ndilo linalolisimamia. Kwa mwajiriwa asiyeweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kupitia kituo cha Bukoba, au Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinachofundisha kwa masafa, ni njia halali na zenye heshima. Gharama yake ni upweke: mwanafunzi wa masafa asiye na kikundi cha kusoma naye huchelewa kumaliza.

Fedha huvunja safari nyingi kuliko ugumu wa masomo. Ada ni sehemu moja tu. Utafiti wa uwandani, usafiri wa kwenda kwa msimamizi, uchapaji na mshahara unaokosekana huizidi kwa urahisi. Ufadhili upo wa aina nne. Mwajiriwa wa chuo cha umma hutazama kwanza mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, kama ilivyokuwa chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2021. Raia yeyote mwenye sifa huangalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza na DAAD ya Ujerumani, ambayo hulipia pia masomo ndani ya Afrika. Upo ufadhili wa kikanda kama RSIF, wa sayansi na teknolojia, TEHAMA ikiwa miongoni mwa maeneo yake, na ule wa OWSD kwa wanawake wa nchi zinazoendelea. Mwisho, vyuo vya Marekani na nchi za Skandinavia mara nyingi humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kama msaidizi wa utafiti au mtafiti kamili, akalipwa huku ada ikifutwa au isiwepo. Ombi la ufadhili na ombi la udahili huwa na tarehe tofauti, na mara nyingi la ufadhili hutangulia.

Vibali na ratiba

Utafiti huanza baada ya vibali, na andiko lisilovitaja huonyesha kwamba mwombaji hajui kazi iliyoko mbele yake. Chuo cha ndani hutoa barua ya kumtambulisha mtafiti. Mtafiti anayetoka chuo cha nje hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Utafiti unaogusa wagonjwa au kumbukumbu zao huhitaji idhini ya maadili, ambayo kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Baada ya hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila mtafiti anayekusanya majina, namba za simu au taarifa za afya.

Kwa mtu mwenye kazi na familia, matayarisho ya kweli huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Miezi ya kwanza ni ya kusoma na kulichonga swali. Hufuata andiko dhana na mawasiliano na wasimamizi, kisha nyaraka, wadhamini na mtihani wa lugha, na mwisho maombi yenyewe, yakipelekwa vyuo 3 hadi 5 vilivyochaguliwa kwa makini. Kwa sababu ya umeme na mtandao wa vijijini, fomu isiachwe hadi siku ya mwisho. Anayekataliwa aombe maoni ya wasomaji wa andiko pale chuo kinapoyatoa, alirekebishe na kulipeleka tena. Maandiko mengi yaliyofaulu yalikataliwa mwanzoni.

Karagwe na Kyerwa zimechunguzwa sana na wageni waliokuja na maswali yao, wakakusanya data na kuondoka. Muuguzi anayejaza vitabu vya MTUHA, mwalimu mwenye kishikwambi na mtangazaji wa redio ya jamii wanaona kila siku yale ambayo mgeni huhitaji miaka kuyaona. Mwenye uzamili miongoni mwao asisubiri kuambiwa kuwa anafaa. Aandike swali lake kwenye ukurasa mmoja mwezi huu, alipeleke kwa mtu mmoja anayeifahamu fani, na aanze kulisahihisha.